Fisi Aliyefaulu Mtihani wa Mbwa

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo anajibu huku anatafuna? Meza kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmekuwa watu. Tulieni niwape ngano, na anayetaka kutoka nje atoke sasa hivi, maana nikifika kwa Fisi sitaki mtu anipite mbele.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na watu wakisikia ila hawasikilizi, palikuwa na kijiji kiitwacho Kwamapembe. Huko aliishi mama mmoja, Bi Sikudhani. Mali yake ilikuwa mbuzi. Mbuzi ndio maziwa yake, mbuzi ndio kitoweo chake, mbuzi ndio waliomsitiri mbele za watu. Na mlinzi wa mbuzi hao alikuwa mbwa mmoja mzee, jina lake Sijali.

Sijali hakuwa na makeke. Kazi yake ilikuwa kulala mlangoni pa zizi, mgongo kwa mbuzi, macho njiani. Basi.

Siku moja mkubwa wa kijiji, Jumbe Mbwego, akarudi kutoka kijiji cha jirani, kichwa kimemvimba kwa mambo aliyoyaona.

"Wenzetu wanapima mbwa wao!" akasema. "Nasi tutapima. Mbwa atakayefaulu nitamfunga kengele shingoni kwa mnyororo wa chuma, na kengele hiyo haivuliki maisha. Atakabidhiwa mbuzi wote wa kijiji. Atakayeshindwa, afunge safari, hatumtaki."

Bi Sikudhani akashika kichwa. "Jumbe, Sijali wangu ataenda wapi na uzee huu?"

"Akifaulu haendi popote," akasema Jumbe.

Kumbe kichakani alikuwamo Fisi, anasikia yote. Mbuzi wote wa kijiji! Mate yakamtoka, yakatiririka, mpaka siafu wakahama wakidhani ni masika.

Siku ya mtihani ikafika. Mbuzi wote wakatiwa zizi moja. Mbwa wakapanga mstari, na Fisi akajipanga nao. Mbwa waliponusa harufu ile, kila mmoja akakumbuka ana shughuli nyumbani. Mmoja akasema mama yake anaumwa. Mmoja akasema yeye ni paka. Wakabaki wawili tu, Sijali na Fisi.

Jumbe Mbwego akamkagua Fisi. "Wewe ni mbwa wa wapi?"

"Mimi ni mbwa wa ukoo wa mbali, Jumbe."

"Mbona miguu yako ya nyuma mifupi?"

"Kwetu ni milimani, Jumbe. Tunapanda tu, hatushuki."

"Mbona una madoa?"

"Nishani za ushujaa, Jumbe."

"Mbona unanuka?"

"Jasho la kazi, Jumbe."

Jumbe akatikisa kichwa kwa furaha. "Ukoo wa mbali!" akawaambia watu. "Mnaona wenyewe!"

Ndani ya zizi alikuwamo mbuzi jike mmoja wa Bi Sikudhani, aitwaye Mama Ndevu. Akapanda juu ya jiwe akapaza sauti. "Jumbe! Huyo ni fisi!"

"Mbuzi hawaulizwi," akasema Jumbe. "Mbuzi ndio wanaolindwa."

Basi mtihani wa kwanza, kupiga kelele. Fisi akainua shingo akaachia, "Uuuuwiii! Kwi-kwi-kwi-kwi!" Watoto wakaingia mvunguni. Kuku wakataga kabla ya wakati.

"Safi!" akasema Jumbe. "Sijali, zamu yako. Bweka."

"Nimbwekee nani?" akauliza Sijali. "Bado hajaiba mtu."

"Sifuri!"

Mtihani wa pili, kuwaangalia mbuzi. Fisi akawakodolea macho. Hakupepesa, hakugeuka, hata nzi alipomtua puani hakumwona. Mate yakawa yanamtoka, cho, cho, cho.

"Tazameni," akasema Jumbe, "anavyowapenda! Ametokwa na machozi kwa mdomo!"

Sijali yeye akalala mlangoni, akawapa mbuzi mgongo, akatazama njia.

"Angalia mbuzi!" akafoka Jumbe.

"Niwaangalie ili iweje? Mbuzi nawajua. Nisiyemjua ndiye atakayekuja na njia."

"Sifuri!"

"Huyo ni fisi!" akalia Mama Ndevu.

"Mbuzi hawaulizwi!"

Mtihani wa tatu, kuuma. Likaletwa gogo la mpingo. Fisi akaliuma mara moja tu, kwaaa, likawa kuni. Watu wakapiga makofi, wengine wakaokota za kupikia.

Sijali akaletewa gogo lake. Akalinusa. "Hili gogo limeiba nini?"

"Sifuri!" akasema Jumbe. "Fungasha uende."

Bi Sikudhani akalia machozi ya kweli. Akamshika Sijali shingo. Sijali akaondoka polepole mpaka mwisho wa kijiji, akakaa njiani, kitako kwa kijiji, macho porini, maana mkao mwingine haujui.

Fisi akafungwa kengele. Mhunzi akagonga mnyororo ukakaza, nge-nge-nge.

Sasa sikilizeni. Watu wa Kwamapembe walikuwa na desturi yao. Mlinzi akishakabidhiwa mali, kijiji kizima humpa kisogo na kuimba wimbo wa kumwamini mara tatu. Kugeuka kabla wimbo haujakwisha ni kumtukana mlinzi. Waliirithi kwa babu zao, na babu zao, nadhani, hawakuwa na mbuzi.

Basi wakageuka wote, nyuso barazani kwa Jumbe, visogo kwa zizi, wakaimba:

*Lala mbuzi, lala mwana,*
*Mlinzi tumempata,*
*Nasi kisogo twampa,*
*Kengele inatutosha.*

Mara ya kwanza. Nyuma yao kengele ikalia, nge, nge. Fisi anaingia zizini.

"Mnasikia?" akasema Jumbe. "Ameanza kazi."

Mara ya pili. Kengele ikalia kwa haraka, nge-nge-nge-nge! Fisi anakimbiza, mbuzi wanaisikia, wanaruka huku na huku. Mama Ndevu akapiga ukelele, "Tunaliwa jamani!"

Bi Sikudhani akamshika Jumbe mkono. "Jumbe, sauti ile ya mbuzi wangu!"

"Usigeuke! Utamvunjia mlinzi heshima."

Wakaanza mara ya tatu. "Lala mbuzi, lala mwa..." Bi Sikudhani yakamfika shingoni. "Heshima na ivunjike," akasema, "mbuzi wangu wasivunjike!" Akageuka peke yake katika kijiji kizima. Akamwona Fisi amemng'ang'ania mtoto wa Mama Ndevu sikio.

"Sijali! Mwizi!"

Kule njiani Sijali akainuka. "Ahaa," akasema, "sasa nina wa kumbwekea." Akabweka, hou! Mapaa ya nyasi yakatikisika. "Na sasa nina wa kumwuma." Akaruka ua, akamkamata Fisi mkia, akafunga meno.

Fisi akaachia sikio la watu, akatoka mbio. Akapita katikati ya waimbaji, kengele inalia, Sijali ananing'inia nyuma kama kibuyu. Wote wakamwona, maana sasa alikuwa upande wa nyuso zao. Jumbe Mbwego akarudi kinyumenyume, akakaa ndani ya sufuria la uji wa sherehe.

"Jumbe," akasema Mama Ndevu, "sasa nimeulizwa?"

Jumbe akaruka juu akishika makalio. Uji ulikuwa wa moto.

Sijali akarudi na nywele za mkia mdomoni. Jumbe akataka kumtengenezea kengele nyingine. Sijali akasema, "Asante, itanizuia kusikia." Akaenda kulala mlangoni pa zizi, mgongo kwa mbuzi, macho njiani, na Bi Sikudhani akakaa pembeni yake akimkuna masikio mpaka jua likazama.

Na Fisi? Kengele haivuliki. Kila anakonyemelea, nge-nge-nge, na wanyama wote wamekwisha kukimbia. Cheo anacho shingoni, tumboni hana kitu.

Basi jueni, wanangu: mwizi huangalia mali, mlinzi huangalia njia. Ukitaka kumjua mlinzi, usimpime kelele wala meno. Muulize mbuzi.

Ngano yangu naifunga hapa kama zizi. Aliye ndani alale salama, na aliye nje akisikia kengele, asiseme sikumwambia.