Shati la Semboja na Uzi Mwekundu

Hapo zamani, wala si ile zamani ya wafalme na majini, ni zamani ya juzijuzi tu, redio zikilia kila kibanda na sheria zimeshaandikwa vitabuni, palikuwa na mji mmoja wa njia panda. Jina lake nalimeza, maana wenyewe wangali hai na wengine wana midomo. Kaeni vizuri. Nawaletea kesi iliyokwisha mahakamani na bado haijaisha, na leo mwamuzi si mimi.

Katika mji huo aliishi fundi wa baiskeli aitwaye Semboja, na mkewe Mwajabu. Walikuwa na binti mmoja wa miaka minane. Mwajabu alikuwa mke wa ndoa, mchapakazi, na alikuwa na wivu. Siwafichi. Hakuwa mwanamke wa kupiga kelele, alikuwa wa kukagua. Mume akirudi kazini, macho yake yanapita kwenye vifungo, yanapita kwenye kola, yanapita viatuni, ndipo anamwambia karibu chakula.

Asubuhi ya Jumamosi moja Semboja alivaa shati lake la buluu. Kwapa la kulia lilikuwa limeachia, mkono mzima unapita. Mwajabu akamwambia livue, nitalishona kesho, leo nina ndoo tatu za kufua. Semboja akacheka, akasema baiskeli haziangalii makwapa. Akatoka na kwapa wazi.

Adhuhuri polisi wakamkamata kwenye kibanda chake, eti amenunua baiskeli ya wizi. Jumatatu wakamrudisha kwao amefunikwa shuka. Sajini aliyekuwa zamu akasema mahabusu amejinyonga. Amevua shati lake, amelichana vipande, amejifunga kwenye nondo za dirisha. Na vipande akavionyesha. Vilikuwa vya shati jeupe.

Mwajabu akasema mume wangu alitoka na shati la buluu. Wakamwambia pole mama, una kiwewe.

Wakazika. Siku ya arobaini ukoo ukakaa kugawa nguo za marehemu, kama desturi yao. Kanzu ikapata mtu, koti likapata mtu, hata kandambili zikapata mtu. Bi Mkunde, shangazi yake Semboja, ndiye aliyekuwa akigawa. Akafika mwisho wa fungu akauliza liko wapi shati alilokufa nalo. Hakuna aliyejua. "Basi tanga hili hatulianui," akasema. "Siwezi kumgawa mtoto wa kaka yangu nusu. Shati lije kwanza."

Na shati lilikuwepo.

Alikuwa nalo konstebo mmoja kijana, Lusekelo, mgeni katika mji ule, mwezi wa nne tangu atoke chuoni. Sajini alimkabidhi shati la buluu, lina damu mgongo mzima, akamwambia likachome. Lusekelo alikwenda nyuma ya kituo na kiberiti chake, akawasha, akazima, akawasha, akazima. Akalitia kwenye mfuko wa unga, akalifukia chini ya mahindi chumbani kwake. Miezi minne alilala na lile shati. Wa tano ukaanza, akalibeba akalipeleka kwa mwendesha mashtaka, akasema Semboja hakujinyonga, alipigwa, na shati lake halikuchanwa hata uzi. Hili hapa, zima.

Mji ukawaka. Watu walijaa mahakamani mpaka wengine wakasikilizia madirishani. Sajini akapandishwa kizimbani, na wakili wake, mtu mwenye sauti laini kuliko wote mle ndani, akauliza swali moja tu.

"Shati ni la nani?"

Akasema mashati ya buluu ya mtumba yako elfu mjini hapa. Askari mwenye kinyongo na mkubwa wake anaweza kuokota lolote, akamwaga damu ya mbuzi, akaleta hadithi. Ni nani atakayelitambua?

Nani tena, kama si mke? Mwajabu akaitwa, akaapishwa, akapewa shati mkononi.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika. Mwajabu alilijua shati lile kabla hajalishika. Kola yake alikuwa ameigeuza yeye mwenyewe mwaka uliopita, ilipoliwa na jasho. Aliigusa, vidole vyake vikaitambua. Machozi yakamjia. Akalinyanyua awaonyeshe na lile kwapa lililoachia, awaambie nilimwambia avue akakataa.

Kwapa lilikuwa limeshonwa.

Limeshonwa kwa mkono, kwa uzi mwekundu, mishono midogo midogo ya mtu anayejua kazi yake. Mwajabu akasimama pale na shati hewani. Alitoka kwangu kwapa wazi, akawaza. Adhuhuri alishikwa. Kati ya asubuhi na adhuhuri kuna mwanamke. Na kwapa halishonwi likiwa mwilini, lazima mtu alivue shati. Lazima akae kifua wazi, angoje. Akamwona mume wake kifua wazi, amekaa, anangoja, anacheka. Na mshono ule aliujua ni wa nani, kama alivyoujua kila mwanamke wa pale sokoni.

Wakili akamuuliza kwa upole kama lile ni shati la mume wake. Mji mzima ulikuwa ukimtazama. Akisema ndiyo, atakuwa amewatangazia wote kwamba mume wake alivua shati kwa mwanamke mwingine.

"Si lake," Mwajabu akasema. "Silijui."

Sajini akashusha pumzi. Lusekelo, aliyekuwa amekaa na mashahidi, akainamisha kichwa mpaka magotini.

Ndipo kule nyuma, kwenye benchi la mwisho, akasimama Somoe. Alikuwa mshonaji, mtalaka asiye na mtoto, akiishi nyumbani kwa kaka yake na cherehani chake barazani. Mahakama ikamwamuru akae, akakaa. Kesho yake akaitwa shahidi. Alikuja na kidonge cha uzi mwekundu mkononi. Akasema Jumamosi ile uzi wa buluu ulikuwa umemwishia, ndiyo maana akashona kwa mwekundu, akamwambia Semboja kwamba nani atamchungulia kwapani. Watu walicheka kidogo. Wakili wa sajini akamuuliza marehemu alikuwa nani kwake.

Somoe angeweza kusema mteja. Mwajabu alimwomba Mungu aseme mteja.

"Alikuwa mtu wangu," Somoe akasema. "Miaka miwili."

Jioni ile ile kaka yake alikitoa cherehani barabarani, akakiacha kwenye vumbi na nguo za dada yake juu yake.

Sajini akapatikana na hatia. Akafungwa miaka mingi. Na mji, nawaambieni, mji ulisherehekea kama umeshinda kombe. Wanawake wa sokoni walimbeba Somoe juu juu. Wakakata nyuzi nyekundu, wakafungana mikononi, kuonyesha kwamba wameuona ukweli kwa uzi. Kesho yake nusu ya mji ilikuwa na uzi mwekundu. Wauza nyanya walikuwa nao, walimu walikuwa nao, hata mtangazaji wa redio alisema anao. Somoe akaitwa shujaa. Jina la Mwajabu halikutajwa, na lilipotajwa, ilikuwa kumwonea huruma.

Mwajabu akawa haendi sokoni. Kila mkono unaompa chumvi una uzi wa yule. Kila mkono unaompa pole una uzi wa yule. Binti yake akarudi kutoka shule siku moja na uzi mkononi, amepewa na mwalimu, anajidai nao. Mwajabu akaukata kwa meno. Mtoto akalia, akauliza kwani baba hakutetewa na huo? Mwajabu alimwonea wivu Somoe kwa uhai wa mume wake, sasa akamwonea wivu hata kwa kifo chake.

Miaka miwili ikapita, rufaa ya sajini ikafika kwa majaji. Na rufaa yake ilisimama juu ya neno la Mwajabu. Wakili yule mwenye sauti laini aliwaambia majaji kwamba mke wa ndoa, aliyefua nguo za marehemu miaka kumi na mmoja, amelikana shati chini ya kiapo. Hawara amelikubali. Mahakama imwamini nani? Shati ni la nani?

Habari zikafika mjini kwamba sajini atatoka. Watu wakaanza kuzivua nyuzi mmoja mmoja, kimyakimya, kila mtu anaangalia jirani.

Mwajabu alikaa siku mbili bila kula. Angenyamaza tu, uzi mwekundu ungekuwa uongo mbele ya dunia nzima, na Somoe angebaki mzinzi asiye na faida. Alilitamani hilo, nalo ndilo lililomtisha. Siku ya tatu alikwenda kwa mwendesha mashtaka, akasema anataka kusikilizwa tena. Majaji wakatoa ruhusa, ingawa si kawaida yao. Wakamwonya kwamba atakachosema kinaweza kumfunga mwenyewe.

"Nilidanganya," akasema. "Kola nimeigeuza mimi. Shati ni la mume wangu. Nililikana kwa sababu ya huo uzi."

Rufaa ikatupwa. Sajini akabaki ndani. Mwajabu naye akashtakiwa kwa kudanganya chini ya kiapo, akapewa kifungo cha nje cha miezi sita, kila asubuhi afagie uwanja wa mahakama ile ile. Watu waliokuwa wakimhurumia sasa wakawa wanapita wakitema mate pembeni: huyu ndiye aliyetaka kumwachia muuaji kwa wivu wake. Akafagia. Miezi sita akaimaliza.

Siku ya mwisho ya kufagia, karani wa mahakama akatangaza kwamba kesi imefungwa na kielelezo kirudishwe kwa mwenye haki nacho. Akalitoa shati kwenye bahasha kubwa ya kaki, akaliweka mezani barazani. Alikuwa na daftari, akashika kalamu.

"Shati ni la nani?"

Mwajabu akaweka ufagio chini. Lakini Somoe alikuwa ameshafika ngazini, na Lusekelo alikuwa getini, amevaa nguo za raia, maana kazini walimtoa na wenzake hawakutaka hata kula naye. Karani akawatazama wote watatu, akafunga daftari, akatuma mtu kwa Bi Mkunde. Mambo ya ukoo wayamalize wenyewe.

Bi Mkunde akaja na nusu ya mji nyuma yake. Akalishika shati kwa mikono miwili, akasema kila mtu aseme lake.

Lusekelo akasema yeye hadai undugu. Jumamosi ile jioni yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa mahabusu. Alisikia, na hakufungua. Lakini alipoambiwa achome hakuchoma, na bila yeye hapa leo pangekuwa na majivu. Akaomba alizike shati pale kaburini kwa mikono yake, kisha arudi kwao. "Sina kingine cha kumrudishia, mama," akasema.

Somoe akasema yeye hakualikwa msibani. Hakukaa eda, hakupewa pole, alilia ndani ya mto. Mliponibeba juu juu, akasema, nililala kwenye kibanda cha kuku cha rafiki yangu, na hakuna aliyeniuliza ninalala wapi. Picha ya Semboja hana. Kitu chake hana. Ana mishono ishirini na miwili kwapani, basi.

Mwajabu akasema mimi ni mke. Nimefua, nimepika, nimezaa, nimekaa eda. Tanga la mume wangu halijaanuliwa mwaka wa nne huu kwa ajili ya shati hili. Nimekosa, nimesema nimekosa, nimefagia mbele yenu. Akamnyooshea Somoe kidole. "Nipeni shati langu. Uzi wake nitaufumua leo leo, nimrudishie mwenyewe."

Somoe hakukasirika. Ndilo lililowashangaza watu.

"Ufumue, dada," akasema. "Kwapa litakuwa kama lilivyotoka kwako asubuhi ile."

Mwajabu akanyoosha mkono kulishika shati.

Mtu mmoja kwenye umati, katika wale wanaopenda mambo yaishe wakale, akapaza sauti kwamba ligawanywe. Mke achukue kola, mshonaji achukue kwapa, askari azike mgongo, kila mtu aende zake. Wengine wakaitikia, wakasema hiyo ndiyo haki.

Bi Mkunde akamgeukia yule mtu.

"Miaka minne," akasema, "tumelia, tumeapa na tumetukanana, ili dunia ijue kwamba shati hili halikuchanwa. Leo nilichane mimi?"

Shati lilikuwa mikononi mwake, zima. Mwajabu alikuwa amenyoosha mkono, lakini kidole chake kimoja tayari kilikuwa kwenye ule mshono mwekundu, na hata yeye hakujua kama anaufumua au anaushika usifumuke. Bi Mkunde akawauliza watu wa mji ampe nani, na watu wa mji, waliokuwa na maneno miaka minne, wakatazama chini.

Mimi hapo ndipo niliposhushia mzigo wa hadithi yangu. Ninyi mmekula, mmeshiba, hamna ndugu katika kesi hii. Aliyehifadhi shati ndiye aliyeshika ufunguo. Aliyelitetea hakuwa na haki ya kulishona. Mwenye haki ya kulishona alisema kesho, kisha akalikana, kisha akalirudisha kwa kujifunga mwenyewe. Bi Mkunde bado amesimama, mikono inamchoka.

Haya, semeni: shati ni la nani?