Kimpira Kilichopoa na Mtoto Asiye na Jina

Kohoeni kabisa sasa, maana nikishaanza sitaki kusikia kikohozi. Mwenye njugu atafune polepole, asiye nazo ameze mate. Nawapa watu watatu, na mwishoni mtanirudishia mmoja tu.

Wa kwanza ni Mugisho, mzaliwa wa Bukavu, mkalimani. Kipaji chake kilikuwa ulimi. Ukitamka neno kwa Kiswahili, kabla hujafunga mdomo yeye ameshalifikisha kwa Kifaransa na kwa Kireno, na limefika limevaa koti na tai.

Wa pili ni Mutheu wa Machakos, mwandishi wa kumbukumbu za vikao. Kipaji chake kilikuwa mkono. Aliandika kila kitu. Ukipiga chafya mkutanoni, chafya yako utaikuta ukurasa wa tatu, pamoja na jina la aliyekupa pole.

Wa tatu ni Bwana Kitwana, mtu wa Pwani, makamu wa rais. Kipaji chake kilikuwa subira. Miaka kumi na mmoja alikaa kiti cha pembeni akitabasamu, jicho kwenye kiti cha kati. Wengine husubiri chakula kiive. Huyu alikuwa akimsubiri mpishi afe.

Wote watatu walikuwa watumishi wa Shirikisho la Soka la Nchi za Maziwa: nchi tisa, lugha nne, na rais mmoja asiyeng'oka, Mheshimiwa Ngwenje.

Basi ikafika siku ya kuchagua kwa bahati nasibu nchi itakayoandaa fainali. Utaratibu wao ulikuwa hivi: majina ya nchi yanatiwa ndani ya vimpira vidogo, vimpira vinatiwa ndani ya bakuli la kioo. Rais anachota kimoja bila kuangalia, anampa refa mstaafu akifungue na kusoma jina. Refa ndiye shahidi. Uso wake ndio muhuri.

Safari hiyo akaitwa Mzee Magesa wa Musoma. Huyu aliwahi kumtoa shemeji yake uwanjani kwa kadi nyekundu, na jioni wakala sahani moja. Shemeji hakumsemesha, lakini alikula.

Rais akatumbukiza mkono. Akapapasa. Akapapasa tena. Akatoa kimpira, akakiweka kiganjani mwa mzee. Mzee akaruka kama aliyekanyaga chura, na kipaza sauti kilikuwa wazi.

"Mheshimiwa, mbona hiki kimepoa?"

Kilikuwa kimepoa kweli. Kilishinda kwenye friza ya jikoni ya hoteli tangu asubuhi, ili mkono wa Rais ukitambue bila kuhitaji macho.

Wajumbe waliojua Kiswahili wakacheka, wakidhani mzee anatania. Wasiokijua wakabana visikilizio masikioni, wakangoja. Mugisho, ndani ya kibanda chake cha kioo, akamtazama Rais. Rais akamtazama yeye. Mugisho akatafsiri:

"Mzee anasema mambo ni poa."

Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Habari za friza zilipoanza kunong'onwa, Rais alihitaji mtu wa kumtupa. Akasema bakuli lilikuwa mikononi mwa refa tangu asubuhi. Mzee Magesa akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu, wageni watano wasiojua hata kujibu "habari."

"Nilisema kimepoa kwa sababu kilikuwa kimepoa!" mzee akapiga kelele.

Mugisho akatafsiri: "Anasema alisema mambo ni poa kwa sababu yalikuwa poa."

Chekeni, chekeni. Nawasubiri.

Mzee Magesa akafungiwa maisha. Akarudi Musoma, na jina la Refa Friza limeshamtangulia. Sokoni mama muuza samaki akamwita, "We Refa Friza! Nihifadhie sato wangu basi, jua hili litaniozeshea!" Siku ya kwanza mzee alicheka nao. Siku ya pili hakwenda sokoni. Baadaye hakwenda hata uwanjani. Siku za mechi alikaa uani peke yake, na filimbi ikisikika kutoka mbali, mkono wake ulinyanyuka wenyewe kuonyesha faulo ni ya upande gani.

Mwaka wa nne akaugua. Bintiye, Nyanjura, ndiye aliyemuuguza, naye wakati huo alikuwa mjamzito.

"Mwanangu," mzee akamwambia, "akitokea mtu wa kunisafisha, mtoto wako abebe jina lake. Katika ukoo huu hatuna zawadi kubwa kuliko jina."

"Na wakitokea wengi, baba?"

"Wengi? Mwaka wa nne huu hajaja hata mmoja."

Ndipo, huko makao makuu, kamati huru ikaundwa.

Mutheu alitoa daftari. Rais alipomwamuru alifute neno "kimepoa" kwenye kumbukumbu rasmi, alilifuta. Lakini daftari lake la mkono alilizika ndani ya pipa la mahindi nyumbani kwa mama yake. Mwenyekiti wa kamati akamuuliza, "Mama, una hakika mzee alitamka hivyo?" Akajibu, "Mheshimiwa, humo nimeandika hata mlango ulivyolia." Bila daftari lile, hakuna ambaye angejua mzee alisema nini. Mutheu akaachishwa kazi wiki hiyo hiyo.

Mugisho alitoa ulimi. Daftari lilikuwa na neno, lakini kamati hii nayo ilikuwa ya wageni, na kwao neno lilikuwa lile lile walilofundishwa, poa na basi. Akaomba glasi ya maji ya barafu, akamshikisha mwenyekiti mpaka vidole vikafa ganzi. "Kimepoa," akasema. "Hivi ndivyo alivyosema mzee. Uongo ulikuwa wangu." Bila ulimi ule, daftari lingekuwa maandishi ya ukutani yasiyo na msomaji. Na tangu siku hiyo hakuna mkutano uliomwita tena Mugisho kutafsiri. Nani atamwajiri mkalimani aliyekiri?

Kitwana alitoa karatasi: hati ya hoteli ya kuazima friza, sahihi ya Rais chini yake. Tena ni yeye aliyezunguka nchi tisa kuwashawishi wajumbe mpaka kamati ikaundwa. Bila yeye, wale wawili wangesema na ukuta.

"Hati hii umekaa nayo miaka minne," mwenyekiti akamwambia. "Kwa nini hukuitoa mapema?"

"Mapema sikuwa na kura za kutosha," Kitwana akajibu.

Mnaona? Naye alisema kweli.

Ngwenje akang'oka, Kitwana akaketi. Mzee Magesa akatangazwa kuwa safi siku ya Alhamisi. Alikuwa amefariki Jumanne.

Wote watatu walisafiri kwenda kumzika. Nyanjura alikuwa amesimama kando ya kaburi, kichanga cha wiki mbili kifuani. Baba yake mkubwa, Mzee Mafuru, akamsogelea. "Mwanangu, unajua kwetu. Jina hutajwa kabla udongo haujashuka. Baba yako aliacha neno. Ni nani?"

Mutheu akasema kwa upole, "Mimi nilitunza maneno yake, binti yangu."

Mugisho akasema, "Mimi niliyarudishia maana yake, na sina kazi tena."

Kitwana akasema, "Poleni sana. Mimi ndiye niliyefungua mlango waliopitia hawa."

Nyanjura akawatazama mmoja mmoja. Hakulia. Machozi aliyamaliza Jumanne.

"Nawashukuru," akasema. "Nina swali moja. Siku ile ukumbini, baba alipouliza mbona kimepoa, mlimsikia?"

Waombolezaji wote wakawageukia wale watatu.

"Nilimsikia," Mutheu akasema. "Nikaandika."

"Nilimsikia," Mugisho akasema. "Nikageuza."

Kitwana akavua kofia. "Nilimsikia. Nikapiga makofi."

Mtoto akaanza kulia. Mzee Mafuru akamgusa Nyanjura begani. "Mwanangu, watu wanangoja."

Sasa ni zamu yenu. Msiniambie aitwe majina yote matatu. Mtoto si basi la mkoani la kuandikwa ubavu mzima. Na asiwepo wa kusema aachwe bila jina, kwa kuwa neno la marehemu lipo, na kusafishwa amesafishwa. Nani kati yao alimtoa mzee kwenye aibu ile? Na nani kati yao hakumwingiza humo? Huyo utakayemtaja, Nyanjura atakuwa akimwita kutoka mlangoni kila siku, aje kula, aje kuoga, mpaka naye awe bibi.

Wachimbaji wameegemea majembe. Nyanjura amefumbua mdomo, bado hajatamka.

Je, wewe ungemwitaje mtoto yule?