Maharage ya Tupokigwe

Hii imenifikia kutoka kwa mtu aliyetumiwa na mtu mwingine. Nimeisoma mara mbili, nikaona nisiikalie peke yangu.

Juu milimani, mahali ambapo asubuhi za Juni nyasi huwa nyeupe kwa baridi, aliishi mama mjane aitwaye Atuganile. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Ambakisye, dereva wa lori la viazi. Ambakisye akaoa binti kutoka chini kabisa, kando ya ziwa, kwenye joto na mashamba ya mpunga. Jina lake Tupokigwe.

Atuganile alimpenda siku ile ile aliyoshuka garini akitetemeka. Alimpa blanketi lake zito kuliko yote, akamwita mwanangu. Shida ilikuja na maharage.

Kwa desturi ya pale, mke mgeni hupewa jiko lake mwenyewe, na kila mchana humpelekea mkwe wake chakula. Siku ya kwanza maharage yalikuwa magumu. Atuganile akatafuna kimya. Siku ya pili yakawa vile vile. Siku ya tatu akauliza.

"Mwanangu, haya umeyabandika saa ngapi?"

"Saa tatu, mama."

"Tangu saa tatu mpaka hii saa saba, maharage hayajaiva?"

"Hata mimi nashangaa, mama. Yamechemka muda wote huo. Kwetu, mwendo wa saa mbili tu unatosha."

Atuganile akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Yeye tangu utotoni aliloweka maharage jioni na kuyabandika alfajiri. Hakukumbuka kufundishwa jambo hilo, wala hakuwahi kumfundisha mtu. Alidhani kila mwanamke duniani hufanya hivyo, kama anavyojua kumfunga mtoto mgongoni. Kwa hiyo katika jibu la Tupokigwe, Atuganile alisikia mambo mawili tu: uvivu, na uongo wa kuufunika.

Naye Tupokigwe kila alipoamka alikuta moshi tayari unatoka jikoni kwa mkwe wake. Alidhani ni maji ya kuoga, kumbe ni maharage ya jioni.

Akaanza kuongeza kuni. Chungu kikatokota kwa fujo, kifuniko kikarukaruka, mvuke ukajaa jikoni hadi macho yakamwasha. Maharage hayakubadilika. Kilichopungua ni maji.

Ikafika siku ya kuchimba viazi. Majirani walikuja kusaidia, na kwa kawaida ya pale chakula cha wasaidizi hupikwa na mke wa nyumba. Tupokigwe alipika tangu asubuhi. Walipoketi kula, Mzee Mwakalobo, mmoja wa majirani, alitafuna mara moja akaacha.

"Mkwe," alisema, "meno yangu yamebaki matatu. Usiyamalize leo, niachie hata moja la kuchekea."

Watu wakacheka. Tupokigwe mwenyewe nusura acheke. Lakini Atuganile aliona aibu, na aibu ikamfanya aseme maneno ambayo hakuwa ameyapanga.

"Msimcheke. Huyu si kwamba hajui kupika. Analala mpaka jua linachoma, halafu anatuambia amechemsha tangu asubuhi. Mwanangu kaniletea mwongo."

Kicheko kikakatika. Tupokigwe akaweka upawa chini, akapiga magoti mbele ya mkwe wake.

"Mama, kesho njoo ukae nami jikoni. Tangu nitakapowasha moto mpaka nitakapoepua. Uone kwa macho yako."

"Mimi nina viazi vya kuchambua. Sina muda wa kulinda chungu cha mtu mzima."

"Siku moja tu, mama."

"Nimesema sina."

Wiki ile Tupokigwe akarudi kwao. Hakugombana na mtu. Alilikunja lile blanketi vizuri, akaliacha juu ya kitanda. Ambakisye alimfuata mara moja, akarudi peke yake.

"Amesema baridi ameizoea," alimwambia mama yake. "Kuitwa mwongo ndiko hawezi kukuzoea."

Tangu siku hiyo hakulitaja tena jambo lile. Alikula chochote alichowekewa, akashukuru, akaondoka na lori lake. Atuganile angependa zaidi kama angefoka.

Miaka mitatu ikapita. Ndugu wa marehemu mume wake akafariki kule chini ziwani, na Atuganile akashuka kwenda msibani. Alipofika, akataka kuonyesha kwamba mikono yake bado ina kazi.

"Maharage niachieni mimi," aliwaambia wanawake.

Akayaloweka jioni. Alfajiri akayabandika, akaenda kukaa na wafiwa. Alipofunua sufuria saa tano, hakuona maharage. Aliona uji wa rangi ya udongo, na chini ulikuwa umeungua.

Wanawake wakasogea.

"Bibi, uliyabandika lini?"

"Alfajiri."

"Alfajiri! Kwani yamekukosea nini, bibi?"

Walicheka kwa upole, maana alikuwa mgeni na mzee. Yeye hakucheka.

"Ninyi huku mnayapika kwa muda gani?"

"Mwendo wa saa mbili tu."

Mkono wake ulioshika kifuniko ukabaki hewani.

Miongoni mwao alikuwapo Subilaga, mwalimu wa sayansi. Alidhani mzee anahuzunikia chakula kilichoharibika, akataka kumfariji.

"Si kosa lako, bibi. Kule juu kwenu hewa ni nyepesi. Maji yanachemka mapema, kabla hayajapata joto la maji yetu ya huku. Na yakishachemka, hata uchome kuni za msitu mzima, hayazidi kuwa moto. Yanakauka tu. Mapovu ni yale yale. Joto silo."

"Kwa hiyo mtu wa huku akija kupika kwetu…"

"Bila kuambiwa? Atapika mpaka alie."

Kesho yake Atuganile akauliza njia, akaenda mpaka nyumbani kwa Tupokigwe. Haikuwa tena nyumba ya wazazi wake, maana alikuwa ameolewa kwingine. Tupokigwe alitoka akiwa na mtoto mgongoni, akamtazama mgeni kidogo, kisha akapiga goti kwa adabu.

"Shikamoo, bibi."

Njia nzima Atuganile alikuwa amepanga maneno. Neno lile, bibi, badala ya mama, likayatawanya yote. Akabaki na moja.

"Nimekuja kukaa nawe jikoni."

Tupokigwe alimweka mtoto vizuri mgongoni. Halafu akaingia ndani, akaleta kigoda, akakiweka karibu na mafiga, akakifuta vumbi kwa upande wa kanga yake.

"Kaa, bibi," alisema. "Lakini leo nimepika samaki."

Akakaa. Alikaa mpaka chungu kikaepuliwa.

Funzo: Kabla hujamwita mtu mwongo, nenda ukakae karibu na moto wake siku ile anayokuomba. Ukienda baada ya miaka, kigoda utapewa, lakini chungu kitakuwa kingine.