Kreti la Njano

Samaki mmoja akioza, wote huoza. Watu huitamka methali hii wakitaka kumsuta mtu, kisha huenda zao nyumbani wakalala usingizi. Maana yake ni kwamba kosa la mmoja huwachafua wenzake wote, hata wasiokuwa na hatia. Lakini wanaoijua kisawasawa ni wale waliowahi kulipia uvundo usio wao. Mama Pacha ni mmoja wao, na aliyemwozea ni mdogo wake wa tumbo moja.

Mdogo wake huyo walimwita Mshale. Kwa miaka sita alikuwa akisambaza mikate kwa baiskeli, ameifunga nyuma katika kreti la njano, rangi ya bekari yao. Wasambazaji wenzake kumi walibeba makreti hayo hayo. Desturi ya kazi ilikuwa moja: mwenye duka humpa rafu ya mbele aliyetangulia kufika, na aliyechelewa hubaki kubembeleza. Kwa hiyo Mshale hakuwa na habari na taa za barabarani. Ikiwaka nyekundu alichungulia kushoto, akachungulia kulia, akapita kama mwenye njia. "Taa ni za wenye injini," alikuwa akisema. Wenzake walicheka, kisha mmoja mmoja wakamwiga.

Madereva nao wana macho. Dereva wa lori la mchanga, mtu wa makamo aliyepita makutano yale kila alfajiri, aliwajua kuliko wote. Mara mbili alifunga breki mpaka mchanga ukamwagika, Mshale akikatiza mbele yake. "Nyie wa makreti ya njano, hiyo taa kwenu ni pambo?" alifoka. Mshale alimpungia mkono tu. Mwishowe dereva akachoka kufoka, akazoea. Alijua kreti la njano halisimami. Basi taa ilipoanza kubadilika naye yuko nyuma yao, alikanyaga mafuta apite pamoja nao.

Mama Pacha alifiwa na mumewe, akaachiwa mapacha wa miaka minne. Mshale ndiye aliyemwombea kazi bekari, na kwa hilo alistahili shukrani. Dada mtu aliingia kazini kwa hadhari. Alijisomea kijitabu cha sheria za barabarani jioni baada ya jioni, watoto wamemlalia mapajani. Kwenye taa nyekundu alisimama nyuma ya mstari mweupe, mguu mmoja chini. Wenzake wakambandika jina la Hakimu.

"Dada, ukisimama kila taa mikate itaota ukungu," Mshale alimtania.

"Na iote. Mkate haunisubiri nyumbani."

Lakini alikuwa na hofu, tena hofu ya kumkosesha chakula. Wiki ya tatu alimwita mdogo wake kando, nyuma ya tanuri, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Ndugu yangu, mimi naogopa. Wewe ukipita nami nikibaki, lile lori linakuja kana kwamba sipo. Juzi lilisimama hapa." Akamwonyesha shubiri moja. "Pumzi yake ya moto niliisikia mgongoni. Nikiondoka mimi, wale watoto watamwita nani mama?"

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Simama nami. Siku chache tu, madereva waone kuwa na sisi tunasimama."

Mshale alijikuna kichwa. "Haya dada. Kesho nitasimama."

Kesho yake kulikuwa na manyunyu, na lami iliteleza kama sahani yenye mafuta. Waliondoka pamoja, Mshale mbele, Mama Pacha nyuma yake kidogo. Walipoyakaribia makutano, taa ikageuka manjano. Mshale alishika breki. Alishika kweli, tusimsingizie. Lakini ng'ambo ya pili aliliona kreti la buluu, la bekari pinzani, likikata kona kuelekea duka la kwanza la Mshale. Miguu ikakanyaga yenyewe. Alipofika katikati ya makutano ndipo ahadi ilipomrudia, na moyo ukampasuka paa!

Aligeuza shingo. Taa ilikuwa nyekundu tayari. Dada yake alikuwa amesimama nyuma ya mstari, mguu chini, ametulia kama mwanafunzi kwenye mstari wa asubuhi. Nyuma yake zilikuja taa mbili kubwa za lori, na hazikupunguza mwendo. Alimwona dada yake akigeuka kutazama nyuma. Alimwona akilijua lile linalokuja.

Breki zililia. Kisha kukawa na kishindo, na mikate ikatapakaa barabarani.

Mshale hakukumbuka alivyorudi. Alikumbuka tu gurudumu la mbele la lori likiwa juu ya kreti la njano, na yeye akiinama chini yake, akiogopa kutazama asije akaona asichoweza kukisahau. Hakuona mtu. Sauti ilitokea mtaroni, upande wa pili.

"Mshale. Taa ilikuwa nyekundu, sivyo?"

Alikuwa amejirusha dakika ya mwisho. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umepinda pasipo na kiungo.

"Ilikuwa nyekundu, dada," alisema, akilia waziwazi.

Dereva alishuka, akaketi kwenye ngazi ya lori lake. "Nilijua atapita," alirudia kwa kila aliyefika. "Naapa nilijua atapita. Miaka yote makreti ya njano hupita; yule mmoja anayesimama sikumtambua kwa mgongo." Hakuwa akijitetea, kwa kuwa alijua ana kosa. Alikuwa akisema ukweli, na Mshale peke yake pale ndiye aliyejua ukweli huo ulikotoka.

Daktari alisema mguu utapona kwa miezi mitano. Mapacha walihamia kwa mjomba wao, wakawa wanamuuliza kila asubuhi, "Mjomba, na wewe utarudi?"

Siku hizi Mshale husimama. Hufika kwenye mstari mweupe, akaweka mguu chini, na jasho jembamba likamtoka hata kwenye baridi. Nyuma yake husikia injini ikija. Hawezi kumweleza dereva kwamba yeye amebadilika. Kreti lake ni la njano kama yalivyo yote, na mgongo hauna mdomo. Basi hufumba macho, akawakumbuka wale watoto wawili, akangoja kusikia kama breki zitashika. Dada yake aliingoja sauti hiyo kila alfajiri kwa wiki tatu, naye hakuwahi kuvunja sheria hata moja. Ama kweli, samaki mmoja akioza, wote huoza.