Jina la Mtoto wa Somoe

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akanawe uso, maana mwisho wa hadithi hii kazi ni yenu, si yangu.

Palikuwa na kiwanda kidogo cha kubangua korosho huko Newala, na kwenye meza moja waliketi wanawake wanne. Mwanahawa alikuwa na sikio: alichokisikia redioni hakikumtoka. Sikudhani alikuwa na mdomo: hakumung'unya maneno hata mbele ya polisi. Esha alikuwa na mkono: hakuna mbanguaji aliyemfikia kwa wepesi, na tajiri mwenye kiwanda alimsifia kwa kila mnunuzi. Wa nne, Somoe, hakuwa na cha kujivunia ila tumbo la miezi sita, nalo alilibeba kwa hofu. Mimba ya kwanza iliharibika. Nesi alimwonya, "Usipokula kwa wakati na kulaza mgongo mchana, hii nayo itatoka."

Sasa aulaze wapi? Mle kiwandani waliingia asubuhi, wakatoka jioni. "Mwenye njaa atafune huku anafanya kazi," ndiyo ilikuwa kauli ya tajiri, Bwana Mponda. Lakini nyie mnayajua mafuta ya ganda la korosho? Yanababua! Wabanguaji hujipaka majivu viganjani ndipo washike kazi. Siku moja njaa ilimzidi Somoe, akaushika muhogo kwa vidole vilevile, akala. Lo! Midomo ikavimba, ikachubuka. Alilia, maskini, si kwa maumivu tu, bali pia kwa kuwa alihisi tumbo linakaza.

Mwanahawa alishindwa kuvumilia. "Jamani, nimemsikia mwanasheria redioni. Mtu akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, apewe saa nzima ya kula na kupumzika. Si hisani, ni sheria." Wenzake wakaduwaa. Kumbe miaka yote wananyimwa haki yao!

Sikudhani hakungoja. Alikwenda ofisini na majivu yake mikononi. "Tajiri, tunataka saa yetu ya kula. Somoe anaangamia, na sheria iko upande wetu."

Bwana Mponda akacheka mpaka akakohoa. "Sheria iko Dodoma, mama. Hapa ni Newala. Na wewe kesho uhamie kwenye tanuri."

"Nihamishie hata juu ya bati, nitasemea hukohuko." Akahamishwa kweli, na kila alipomwona tajiri alipaza sauti kutoka kwenye moshi, "Saa yetu!"

Na kelele zile zingeishia kwenye moshi, kama si Esha. Huyu alikuwa kipenzi cha tajiri, hana ugomvi na mtu, tena ndiye mwenye mengi ya kupoteza. Mchana mmoja, mnunuzi akiwa njiani kuja kuchukua korosho, aliweka kisu chini, akanawa, akatoka nje, akafungua chakula chake. "Somoe, njoo tule." Meza yao ikamfuata, kisha ya pili, kisha kiwanda kizima.

Bwana Mponda akatoka mbio. "Esha! Na wewe umo?"

"Tunakula, tajiri. Karibu."

Akatazama meza tupu, akatazama barabara ya mnunuzi, akakubali wapewe saa yao. Tangu siku hiyo kengele ya chakula ikawa inagongwa kila mchana. Somoe alikula, akajinyoosha kwenye kivuli cha ukuta, na tumbo likatulia. Siku zilipotimia akajifungua binti mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

Mumewe akamwambia, "Jina chagua wewe." Somoe akaapa kumpa mtoto jina la aliyemwokoa. Siku ya saba shoga zake wote watatu wakaja, na utani ukaanza.

"Bila sikio langu mngedai nini?" akasema Mwanahawa. "Mngeomba tu."

"Sheria ingebaki humo humo sikioni, shoga," akajibu Sikudhani, bado anakohoa moshi. "Nani aliifikisha ofisini?"

"Uliifikisha, tajiri akacheka," akasema Esha. "Aliacha kucheka nilipoinuka mimi."

Kidogo kidogo utani ukakauka. Kila mmoja alimtazama mtoto kwa hamu ya kweli, na Somoe moyo ukamuuma. Aliwapenda wote. Tena alijua, angekosekana yeyote kati yao, leo angekuwa amepakata kanga tupu.

Mwalimu wa madrasa amekwisha kaa mkekani. "Haya mama, mtoto anaitwa nani?"

Na msiniambie ampe majina yote matatu. Mtoto huitwa moja. Shoga watatu wanamtazama. Je, wewe ungekuwa Somoe, ungemtaja nani, na wale wawili ungewaambia nini?