Nota ya Mwisho ya Nakijwa

Hii nimetumiwa asubuhi, nami nimeshindwa kukaa nayo peke yangu. Isome taratibu, tena usirukie chini kutafuta funzo kabla hujakutana na huyo dada mwenyewe. Ukimaliza, mpelekee yeyote aliyewahi kuambiwa kwamba kazi yake si kazi.

Palikuwa na binti mmoja wa Upareni aitwaye Nakijwa. Alianza kupiga kinanda kanisani miguu yake ikiwa bado haifiki kwenye pedali. Alipokua alipata nafasi ya kwenda nchi ya mbali, nchi ya baridi, kusomea piano na utunzi wa muziki. Alisoma kwelikweli. Alipiga kazi za watunzi wakubwa waliokufa zamani mpaka vidole vikamuuma, akafaulu, akarudi nyumbani na cheti chake.

Nyumbani walimpikia pilau. Watu wakala, wakashiba, kisha baba yake mdogo akauliza mbele ya wote:

"Sasa mwanangu, hicho kinanda tumekielewa. Kazi yenyewe uliyosomea ni ipi?"

Watu wakaangua kicheko. Nakijwa naye akacheka, lakini swali lile lilimkaa rohoni.

Akazunguka kutafuta kazi. Shule zilitaka mwalimu wa hesabu, bendi zilitaka mtu wa kubonyeza mdundo wa mashine na kutikisa kichwa. Mwishowe akaajiriwa kwenye hoteli moja kubwa ya mjini, awe anapiga piano wageni wakila chakula cha jioni.

Meneja wa hoteli hiyo, Bwana Kiwelu, alikuwa mtu wa suti iliyonyooka na maneno mafupi. Siku ya kwanza alimweleza kazi wakiwa wamesimama.

"Dada, hapa muziki ni kama feni ile," akasema, akionyesha darini. "Izunguke, ipulize, isisumbue mtu. Mgeni akigeuka kukutazama, ujue umeshakosea. Na utapiga nyimbo ambazo kila mtu anazijua. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, bosi," akajibu Nakijwa, kwa sababu alihitaji kazi. Ukweli ni kwamba hawakuelewana hata kidogo.

Huko ughaibuni, katika chumba kidogo chenye baridi ya kukata mifupa, Nakijwa alikuwa ametunga wimbo wake. Aliutoa kwenye sauti ya mama yake, jinsi alivyokuwa akiwaita watoto na mbuzi warudi nyumbani jua likielekea kuzama. Mama alikuwa akipandisha sauti, anaizungusha, kisha anaishusha polepole, na ile sauti ya mwisho kabisa ilipotua, hata mbuzi mbishi kuliko wote alijua ni wakati wa kurudi. Nakijwa aliuweka mwito ule kwenye piano kwa ufundi wote aliofundishwa. Ulikuwa wimbo wake wa kwanza kuutunga na kuuamini, na alikuwa tayari kuupigania.

Basi kila jioni, katikati ya zile nyimbo za kila mtu, akawa anauchomeka. Anaupiga taratibu, wageni wanaendelea kutafuna. Ni Sikudhani tu, mhudumu mkuu wa ukumbi, aliyekuwa akimkonyeza kila akipita na trei.

Siku moja Bwana Kiwelu akamwita ofisini.

"Kuna kitu unakipiga baada ya supu," akasema. "Kinapanda, kinazunguka, halafu kinashuka hivi." Akaushusha mkono wake hewani, polepole. "Ni cha nani?"

"Ni changu, bosi. Nimekitunga mwenyewe."

"Hatukukuajiri utunge. Kiache."

"Siachi."

Meneja alidhani hakusikia vizuri. Hotelini pale hapakuwa na mtu aliyewahi kumjibu hivyo.

"Unasemaje?"

"Nasema siachi. Nyimbo za watu nitazipiga zote unazotaka, tena nitazipiga vizuri. Lakini na wangu nitaupiga. Sikuvuka bahari kwenda kusomea kuwa feni."

Bwana Kiwelu akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Haya, mtunzi. Kesho ukumbi utajaa. Upige huo wimbo wako. Mgeni mmoja, mmoja tu, akiacha kula kwa ajili yako, basi utapiga nyimbo zako unavyotaka, na jina lako nitaliandika pale mlangoni. Wasipokusikia, unafunga virago."

"Nimekubali," akasema Nakijwa.

Alipotoka, Sikudhani alimvuta pembeni. "Mdogo wangu, umeingiwa na nini? Watu wana njaa hao! Na kesho kuna meza ya wafanyabiashara wa kahawa. Wale wakianza kuongea hata king'ora hawakisikii. Rudi ukaombe msamaha kabla unga haujamwagika."

"Nikiuombea msamaha wimbo huu, dada, nitaomba msamaha maisha yangu yote."

Tusidanganyane, hofu alikuwa nayo. Usiku ule ndotoni alimwona baba yake mdogo akimuuliza tena lile swali lake, safari hii bila hata pilau. Lakini hakurudi kuomba.

Kesho yake ukumbi ulifurika. Wafanyabiashara wa kahawa walikuwa wamekaa katikati, wanagonga meza na kucheka. Bwana Kiwelu alijisimika mlangoni, mikono kifuani, karibu na ubao mweusi wa kuandikia chakula cha siku. Ubaoni palikuwa na maneno matatu tu: SUPU YA MKIA.

Baada ya supu, Nakijwa akaanza.

Angeweza kufanya vituko. Alizijua kazi za kukimbiza vidole mpaka watu wanasimama, na angezimwaga pale, wote wangegeuka. Alilifikiria hilo, akalikataa. Wimbo wa mama yake haukuwa wa kukimbizwa. Kama ni kufukuzwa, afukuzwe na wimbo wake ukiwa vilevile alivyoutunga.

Akaupandisha. Hakuna aliyegeuka. Akauzungusha. Mtu mmoja akaomba chumvi. Wenye kahawa wakapasuka kicheko cha mambo yao wenyewe. Bwana Kiwelu akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayemhurumia mwenzake.

Akaanza kuushusha. Sauti zikashuka moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki moja tu, ile ambayo mama yake alikuwa akiitua mlangoni kwa nyumba.

Nakijwa akainua mikono yake kutoka kwenye piano, akaiweka mapajani.

Hakuipiga.

Ukumbi ukanyamaza. Mama mmoja alibaki na kijiko cha wali katikati ya safari, hakipandi wala hakishuki. Wale wa kahawa walikatika kicheko. Sikudhani alisimama na trei yake kama aliyeitwa jina. Watu walitazamana, kisha wakatazama piano, kila mmoja akijua kuna kitu kimepungua na hajui ni nini.

"Umeme umekatika?" akauliza mzee mmoja, na taa zote zinawaka juu ya kichwa chake.

Nakijwa alikaa ameinua kidevu, mikono mapajani, akawaacha wangoje.

Mara, kutoka upande wa mlangoni, mtu akaiimba ile nota ya mwisho. Sauti ilikuwa nene na imepinda kidogo, lakini nota ilikuwa ndiyo yenyewe, nayo ikatua mahali pake.

Ukumbi mzima ukageuka. Bwana Kiwelu alikuwa ameshajiziba mdomo kwa kiganja, ila alikuwa amechelewa.

"Bosi!" akasema Sikudhani. "Kumbe na wewe!"

Watu wakacheka, na meneja akaja mpaka kwenye piano, jasho likimtoka ndani ya ile suti yake. Akainama, akasema kwa sauti ya chini:

"Umenifanyia ujanja. Wameacha kula kwa sababu umenyamaza, siyo kwa sababu umepiga."

"Feni ikizimwa, bosi, anayeona joto ni yule iliyekuwa ikimpuliza," akajibu Nakijwa, wala hakushusha sauti yake. "Na ile nota ya mwisho, wewe umejifunzia wapi?"

Bwana Kiwelu akatazama viatu vyake. "Naiimba nikiendesha gari," akasema. "Naiimba bafuni. Mke wangu ananiuliza ni wimbo gani, nami sina jibu. Nilikasirika. Nimeajiri mtu asisikike, halafu mimi mwenyewe nalala na wimbo wake kichwani."

"Malizia, binti!" akapaza sauti mmoja wa wale wa kahawa. "Malizia tule!"

Ungekuwa wewe ungemalizia. Hata mimi, kwa furaha ile, ningemalizia mara mbili. Nakijwa alimtazama meneja, mikono bado mapajani.

"Tulikubaliana, bosi. Jina langu likishaandikwa, nitamaliza."

"Kesho nitatengeneza kibao kizuri..."

"Leo."

Bwana Kiwelu akageuka kuwatazama wageni, na wageni wakamtazama yeye. Hakuna aliyekuwa anakula. Akarudi mlangoni, akaufuta ule ubao kwa mkono wa suti yake, supu ya mkia ikaondoka. Akachukua chaki, akaandika: NAKIJWA.

"Ongeza," akasema Nakijwa kutoka kwenye piano. "Mpiga piano na mtunzi."

Akaongeza, tena kwa herufi kubwa.

Nakijwa akanyoosha kidole kimoja, akaipiga nota yake, akaiacha ilie mpaka ikaisha yenyewe.

Funzo: Anayekuambia kwamba hakuna anayekusikia, mchunguze vizuri, huenda ameshaukariri wimbo wako. Usipige kelele ili akukubali, wala usijipunguze ili akuvumilie. Fanya kazi yako kama ilivyo, dai jina lako, na usimalizie mpaka liandikwe.