Joho la Bata Mmoja

"Bata wangu umempeleka wapi?"

"Shangazi, tazama joho kwanza."

"Joho litataga mayai?"

Siku hizo mji wa Kirijani ulitawaliwa na Sultani Harithi bin Dahmani, mpenda mavazi, naye aliamuru mtu asiingie barazani kwake ila amevaa joho la Fundi Jabali, lenye tausi wa dhahabu kwenye ukosi, na joho moja liliuzwa dinari mia. Na Shamimu, binti aliyeulizwa habari za bata, alikuwa na haja ya kuingia, kwa maana baba yake, Haidari mfumaji, alifungwa kwa kusema sokoni kwamba joho jipya la Sultani, aliloshonewa na Fundi Jabali kwa dinari elfu, ni pamba ya kawaida, na siku ya nne angepelekwa kuchimba chumvi jangwani.

Basi alizunguka soko la mitumba siku tatu, akifukua kila rundo, na kwa kuwa hakuwa na dinari alimbeba bata wa shangazi yake kwapani, mpaka bibi mmoja akamwambia, "Nipe huyo bata, chukua joho, na usilirudishe." Na Shamimu, kwa furaha ya kupata rahisi, hakuuliza kwa nini.

"Ni zuri lakini," Bi Mwatime, shangazi yake, akakiri huku akilipapasa.

"Bata mmoja!" joho likapiga kelele. "Tena anachechemea!"

Kumbe ndani ya bitana alikuwamo jini. Fundi Jabali alimfunga kwa kiapo ataje bei ya kweli ya kila vazi linalosifiwa, ili yeye asipunjwe akinunua. Na jini alipoanza kumwaibisha mbele ya wateja, akamshonea humo, akalitupa joho mitumbani.

"Ewe jini, nyamaza leo tu," Shamimu akamsihi.

"Binti, hata mimi nimechoka. Waambie wasilisifu."

Wasilisifu vipi, na desturi ya Kirijani ni kusifu vazi kabla ya salamu? Mlangoni pa Sultani bawabu akasifu. "Bata mmoja!" Shamimu akakohoa kuifunika sauti. Waziri akasifu, Shamimu akakohoa zaidi. Kadhi akasifu, akamwita na mkewe wakasifu pamoja, mpaka koo likamuwasha.

"Nani huyo anayetaja bata barazani kwangu?" Sultani akafoka.

Shamimu akapiga magoti, machozi ya hasira yakimlenga. "Ewe Sultani, nimechoka kukohoa. Joho hili nimelinunua kwa bata, na jini aliyemo hawezi kusema uongo. Niruhusu nilisifu la kwako. Joho lako, bwana wangu, ni zuri mno."

"Pamba ya Haidari!" jini akanguruma. "Dinari mbili!"

Baraza zima likamgeukia Fundi Jabali, aliyekuwa ameketi karibu na Sultani, naye alikuwa ameshafika dirishani akitaka kutoroka.

Haidari akafunguliwa saa ile ile, na jini akafumuliwa bitana akaenda zake bila kuaga. Sultani akampa Shamimu mfuko wa dhahabu, akamposea mwanawe. Shamimu akajibu kwa adabu kwamba atafikiri akishalala usingizi. Na tangu siku hiyo watu wa Kirijani hushika kitambaa kwanza, ndipo wakatazama tausi.

Wakafika nyumbani, baba na binti, wakabisha hodi. Bi Mwatime akafungua, akamtazama nduguye juu mpaka chini, akafuta macho kwa upindo wa kanga.

"Karibu, kaka yangu. Na bata wangu yuko wapi?"